Faili la Mtafiti Kijana wa Kampene: Namna ya Kujenga na Kuandika Historia ya Utafiti na Ufundishaji

Karibu kila fomu ya kuomba nafasi ya uasistanti, ya udaktari au ya ufadhili wa masomo ina sehemu moja inayowatoa jasho vijana wa sayansi: "Eleza historia yako ya utafiti na ufundishaji." Kijana aliyesomea biolojia Kisangani, Bukavu au Kindu, kisha akarudi nyumbani Kampene kusubiri, huisoma sehemu hiyo na kuiacha wazi. Hana makala katika jarida lolote. Hajawahi kugusa mashine ya kusoma vinasaba. Umeme anaoutegemea ni wa jenereta au wa jua.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yake, na msimamo wake ni kwamba anayejishughulisha na mikrobiolojia ya mazingira akiwa Kampene ana mengi ya kuandika kuliko anavyodhani. Tatizo ni kwamba mengi hayo hayajapimwa, hayajawekwa tarehe, na hayakuhifadhiwa popote. Faili zuri huanza kujengwa miezi mingi kabla fomu haijatoka.

Mahali penyewe

Kampene iko katika teritwari ya Pangi, mkoa wa Maniema, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, nchi ya Walega, kusini mashariki mwa Kindu. Dhahabu na kasiterite ndizo zilizovuta watu na mitambo huku tangu enzi za Wabelgiji. Mwaka 1976 kampuni kadhaa za madini za eneo hili na Kivu ziliunganishwa zikawa SOMINKI. Kampuni hiyo ilipokufa katika miaka ya 1990, uchimbaji ulibaki zaidi mikononi mwa wachimbaji wadogo wenye sululu, beleshi na karai.

Anayesoma vijidudu vya mazingira akitembea hapa hukutana na maswali kila hatua: mashimo ya zamani yaliyojaa maji, tope linaloteremka mitoni kutoka kwenye machimbo, chemchemi zinazogawana bonde na vyoo, bidoni za njano zilizopangwa foleni alfajiri, muhogo unaolowekwa mtoni, mashamba ya karanga na maharagwe kwenye udongo uliochoka. Maswali hayo ni mengi mno kwa mtu mmoja. Chagua moja tu, tena dogo kiasi cha kujibika kwa msimu mmoja na kwa fedha ya mfukoni.

Chukua maji ya bidoni. Mwaka 2004 watafiti Wright, Gundry na Conroy walipitia tafiti nyingi kutoka nchi zinazoendelea wakaonyesha kwamba maji mara nyingi huchafuka zaidi baada ya kuchotwa, katikati ya chanzo na kikombe cha kunywa. Swali la Kampene basi linaweza kuwa hili: je, maji yaliyolala ndani ya bidoni za mtaa fulani yana bakteria wa kinyesi wengi kuliko chemchemi yalikotoka? Hapo kuna vitu viwili vya kulinganisha, kuna mahali panapojulikana, na jibu lake litamfaa mhudumu wa zoni ya afya hata kabla halijachapishwa popote.

Kupima bila maabara

Kikwazo cha kwanza ni saa. Sampuli ya maji kwa ajili ya bakteria inatakiwa ipimwe ndani ya saa 6, na hata ikiwekwa kwenye barafu haifai ipitishe saa 24. Barabara ya kwenda Kindu wakati wa mvua haijali saa hizo. Kwa hiyo kipimo kifanyike pale pale, na hapa ndipo vifaa vya kubeba mkononi vinapookoa kazi. Mashuhuri kati yao ni kisanduku cha DelAgua, kilichotokana na kazi ya Chuo Kikuu cha Surrey, Uingereza, ambacho mashirika ya maji yamekitumia kwa miaka mingi katika kambi za wakimbizi na vijijini. Kabla ya kufikiria kununua, uliza katika ofisi ya zoni ya afya na kwa mashirika yanayochimba visima: kuazima kwa barua ni njia halali, na barua hiyo itaingia kwenye faili lako.

Kazi yenyewe huenda hivi. Bomba la chujio husafishwa kwa kumimina methanoli kidogo ndani ya kikombe chake, kuiwasha, kisha kufunika moto ukiwa bado haujazima. Mvuke unaobaki ndani huua vijidudu, na mpimaji husubiri dakika 15. Halafu mililita 100 za maji huvutwa kwa pampu ya mkono kupita kwenye utando mweupe wenye mistari ya miraba, ambao vitundu vyake ni vya mikromita 0.45, vidogo kuliko bakteria. Utando hunyanyuliwa kwa kibano kilichopitishwa motoni, huwekwa juu ya kitambaa kilicholowa chakula cha bakteria chenye rangi nyekundu, na vyote hufungwa ndani ya kisahani cha aluminiamu. Visahani huachwa kwanza kwenye joto la kawaida angalau saa moja, kisha huingia kwenye inkubeta ya betri kwa nyuzi 44 kwa saa 14 hadi 18, yaani usiku kucha. Asubuhi, palipokuwa peupe patakuwa na vidoa vya njano. Hizo ndizo koloni, na kila moja ilianza na bakteria mmoja au kishada kimoja. Za njano huhesabiwa, za waridi huachwa.

Shirika la Afya Duniani linataka maji ya kunywa yasiwe na hata koloni moja ya *E. coli* katika mililita 100. Kwa maji ya vijijini wapimaji huyagawa kwa madaraja: 1 hadi 10 ni hatari ndogo, 10 hadi 100 ni ya kati, zaidi ya 100 ni kubwa. Andika namba halisi, usiandike daraja peke yake. Kila siku ya kazi chuja pia maji yaliyochemshwa na kupoa. Yakitoa koloni, matokeo yote ya siku hiyo hayafai, na hilo nalo liandikwe daftarini badala ya ukurasa kuchanwa. Mtathmini mzoefu akiona daftari lenye siku zilizokataliwa humwamini mwenye daftari.

Daftari liwe la kurasa zilizoshonwa, zenye namba, na wino usiofutika kwa maji. Tarehe, saa, joto la maji, kama mvua ilinyesha jana, jina la chemchemi, namba ya kaya bila jina la mwenye nyumba. Jioni kila ukurasa upigwe picha kwa simu na kutumwa mahali pawili. Simu huibiwa, na daftari hulowa mtumbwini. Kabla ya kuchota tone la kwanza, pita kwa chifu wa mahali na kwa daktari mkuu wa zoni ya afya, ueleze kazi na uombe ruhusa kwa maandishi. Matokeo yakitoka, warudie kwanza wao na akina mama waliotoa maji.

Wanaodhani kwamba kuhesabu wagonjwa na vidoa si sayansi ya kutosha wamtazame Didier Bompangue, mtafiti Mkongo. Mwaka 2008 yeye na wenzake walichapisha katika jarida la Emerging Infectious Diseases utafiti ulioonyesha kwamba maeneo ya kando ya maziwa ya mashariki mwa Kongo ndiyo vyanzo vya milipuko ya kipindupindu inayosambaa kwingine. Sehemu kubwa ya msingi wake ilikuwa taarifa za wagonjwa kutoka zoni za afya, zikapangwa kwa mahali na kwa wakati. Miaka mitatu baadaye, 2011, kipindupindu kiliteremka na Mto Kongo kutoka Kisangani hadi Kinshasa, na kila mtu akaona kwa nini mpangilio ule ulikuwa na maana. Rejesta za zoni ya afya ya Kampene ni za aina ile ile.

Zebaki na tope

Swali la pili linalofaa Kampene ni gumu zaidi, na ni zuri kwa tasnifu: nini hutokea kwa zebaki ikifika kwenye tope la mto? Usianze kwa kudhani kwamba kila chimbo linaitumia. Nenda, kaa na wachimbaji, waulize dhahabu hukamatwaje: kwa maji na karai peke yake, au kwa zebaki inayochomwa baadaye. Kidunia, uchimbaji mdogo wa dhahabu ndio unaotoa zebaki nyingi kuliko shughuli nyingine yoyote ya binadamu. Tathmini ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2018 iliuhesabia karibu asilimia 38 ya zebaki inayoingia hewani.

Zebaki ya majimaji ikizama kwenye tope lisilo na hewa hukutana na bakteria wanaopumua salfeti badala ya oksijeni. Baadhi yao huigeuza kuwa zebaki ya methili, sumu inayopanda kutoka kwenye tope hadi kwa samaki mdogo, samaki mkubwa, kisha sahani ya mlaji. Ndiyo sumu ya Minamata, Japani, ambako ugonjwa ulitambuliwa rasmi Mei 1956. Jeni mbili zinazowapa bakteria uwezo huo, hgcA na hgcB, zilijulikana mwaka 2013 tu. Bakteria wengine wana kinga ya kinyume: kimeng'enya kinachoigeuza zebaki kuwa mvuke na kuitupa nje ya seli. Kujua ni kundi lipi limetawala tope la kijito fulani cha mto Elila ni kazi ya udaktari mzima, itakayohitaji maabara ya nje. Lakini sehemu ya kwanza, yaani kuchora ramani ya machimbo, kupima asidi na uchafu wa maji, na kuhifadhi tope kwenye vichupa vya ethanoli vyenye lebo, inaweza kuanza sasa. Ukumbuke tu kwamba Itifaki ya Nagoya, iliyopitishwa 2010 na kuanza kutumika 2014, inaihusu Kongo: tope lenye vijidudu halisafirishwi kwenda ng'ambo ndani ya begi la rafiki. Linahitaji kibali na makubaliano ya nani atanufaika na atatajwa vipi.

Sababu ya kusisitiza suala la kutajwa ipo. Mwaka 1976 Jean-Jacques Muyembe, daktari kijana aliyekuwa amepata udaktari wa virolojia huko Leuven, Ubelgiji, alitumwa Yambuku kuchunguza homa isiyojulikana. Alichukua damu za wagonjwa bila glavu, na akamsindikiza hadi Kinshasa mtawa mgonjwa ambaye damu yake ilipelekwa Antwerp ndani ya chupa ya chai. Humo kilipatikana kirusi cha Ebola. Kwa miaka mingi simulizi za nje zilitaja majina ya maabara za Ulaya na Marekani na kulipita la kwake. Heshima ilikuja baadaye, ikiwemo Tuzo ya Hideyo Noguchi ya mwaka 2019. Kijana wa leo ana njia za kujilinda ambazo hazikuwepo: daftari lenye tarehe, makubaliano ya maandishi kabla ya sampuli kuondoka, na namba ya utambulisho wa mtafiti ya ORCID, ambayo ni ya bure na inapatikana tangu 2012.

Darasani

Upande wa ufundishaji ndio unaodharauliwa zaidi. Wengi huandika mstari mmoja: "Nimefundisha biolojia." Wamekwisha. Na huku wamesimama mbele ya wanafunzi wa sekondari wanaojiandaa kwa mtihani wa Dola (Examen d'État), darasa limejaa, ubao ni mmoja, na vijidudu vinafundishwa kama majina ya kukariri.

Jaribu hili. Chupa ya maji ya lita moja na nusu ikatwe shingo. Tope jeusi la ukingo wa mto lichanganywe na karatasi iliyochanwachanwa, ganda la yai lililosagwa na kiini chake, lijazwe mpaka robo tatu ya chupa, maji ya mto yaongezwe juu, mdomo ufungwe kwa plastiki na chupa iwekwe dirishani. Karatasi ni chakula cha kaboni, kiini cha yai kina salfa, ganda ni chokaa. Baada ya wiki nne hadi nane tabaka hujitokeza: chini ni nyeusi, juu yake kijani na zambarau, kisha rangi ya kutu, na karibu na hewa mwani. Wale wa chini weusi ni jamaa wa bakteria wanaohusika na zebaki. Mbinu hii ilibuniwa na Sergei Winogradsky katika miaka ya 1880, na haihitaji umeme hata kidogo. Mwanafunzi anayechora chupa yake kila Ijumaa kwa miezi miwili ameelewa mikrobiolojia ya mazingira kuliko aliyenakili kurasa kumi.

Somo lingine liko jikoni. Muhogo mchungu unaolowekwa siku tatu au nne hulainishwa na bakteria, na katika kulainika huko sayanidi yake hupungua. Ukiharakishwa, hatari inabaki: konzo, ugonjwa wa kupooza miguu ulioelezwa kwa mara ya kwanza nchini Kongo mwaka 1938 na daktari Trolli, unahusishwa na muhogo usiotayarishwa vya kutosha. Wanafunzi wanaweza kupima asidi ya maji ya kulowekea kila asubuhi kwa karatasi za kupimia pH, na kuwahoji mama zao na bibi zao wanajuaje kwamba muhogo umeiva. Hapo akina bibi ndio walimu, na ni haki yao kutajwa hivyo kwenye karatasi ya somo.

Hifadhi ushahidi: karatasi ya maelekezo uliyoiandaa, picha za chupa bila nyuso za watoto, madaftari mawili matatu kwa idhini ya wenyewe, swali la jaribio kabla na baada ya somo. Andika pia kilichoshindikana na ulichobadilisha mwaka uliofuata. Ufundishaji hauishii darasani. Esther Ngumbi, mzaliwa wa Kwale, pwani ya Kenya, aliyepita Chuo Kikuu cha Kenyatta, akapata udaktari Auburn nchini Marekani na sasa ni profesa Chuo Kikuu cha Illinois, anafanya utafiti juu ya mimea, wadudu na vijidudu vya udongo. Anajulikana vile vile kwa makala zake magazetini za kuwaeleza watu wa kawaida sayansi hiyo. Kwa hiyo hata kipindi cha redio ya jamii juu ya maji ya bidoni, kikiwa na tarehe na mada, ni ufundishaji. Kiingie kwenye faili.

Kuandika kurasa zenyewe

Sasa kalamu. Sentensi kama "Nina uzoefu mkubwa wa ubora wa maji" haimwambii msomaji kitu. Tuseme mtu amefanya kazi iliyoelezwa hapo juu; aandike hivi: "Kati ya Juni na Agosti nilipima chemchemi sita za Kampene na bidoni za kaya zinazozitegemea, kwa njia ya utando na inkubeta ya betri. Nilipanga kazi, nikachuja na kuhesabu mwenyewe. Mwenzangu alirudia kuhesabu sehemu ya visahani bila kujua namba zangu." Msomaji anapata mahali, wakati, mbinu, na sehemu ya mwandishi katika kazi. Hilo la mwisho ndilo linalosahaulika sana. Katika tasnifu ya kikundi sema wazi wewe ulifanya lipi.

Aya ya kwanza ibebe swali lako, isibebe utoto wako. Inayofuata, kazi uliyoikamilisha na ilichoonyesha. Kisha kazi inayotaka maabara kubwa, na sababu ya kuitaka: "Nahitaji kujifunza kusoma vinasaba vya bakteria wa tope kwa sababu hesabu ya koloni hainiambii nani anayegeuza zebaki." Ufundishaji upewe angalau theluthi ya nafasi pale unapoomba kazi ya chuo.

Jambo moja huwaumiza Wakongo bila wao kujua. Licence ya mfumo wa zamani ilikuwa miaka mitano, yaani graduat ya mitatu na miwili juu yake. Msomaji wa Ufaransa au Ubelgiji akiona neno lile lile hufikiria shahada ya miaka mitatu. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 vyuo vya Kongo vimeingia mfumo wa Licence-Master-Doctorat, na mkanganyiko umeongezeka. Andika idadi ya miaka mbele ya kila shahada, mada ya kazi yako ya mwisho, na mwaka.

Milango ya kubisha ipo. Kwa ufadhili, Wabelgiji wana mashirika ya ARES na VLIR-UOS, Wajerumani wana DAAD, ambayo hulipia pia masomo ndani ya Afrika. Kwa wanawake, OWSD, iliyoanzishwa 1987, hutoa ufadhili wa udaktari katika vyuo vya nchi za Kusini. Ndani ya nchi kuna Kituo cha Utafiti wa Hidrobiolojia cha Uvira, kituo cha utafiti cha Lwiro, Chuo Kikuu cha Kisangani, na INRB, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, yenye maabara Goma. Kwa kusoma majarida bila kulipa, muulize mkutubi wa chuo kama kimejiandikisha kwenye mpango wa Research4Life. Majarida ya Afrika yako kwenye tovuti ya AJOL tangu 1998. Jarida linalokuandikia barua pepe za sifa na kuahidi kuchapisha ndani ya wiki moja kwa malipo, likimbie.

Barua za marejeo ziombwe miezi miwili kabla, siyo wiki ya mwisho. Mpelekee mwalimu wako nakala ya kurasa zako, orodha ya ulichofanya chini yake, na tarehe ya mwisho iliyoandikwa kwa herufi kubwa. Ongeza barua moja kutoka kwa mtu wa zoni ya afya au mkuu wa shule aliyeyatumia matokeo yako: kamati ya Ulaya haipokei barua kama hiyo kila siku.

Na kwa mkuu wa shule wa Kampene, wa Pangi au wa Kalima atakayesoma ukurasa huu: kijana akija kukuomba dirisha la kuwekea chupa za tope na kabati lenye kufuli la daftari zake, mpe.